Kuachia breki: mwongozo wa pikipiki ya uwanjani kwa mtu wa Lubumbashi

Hapa Lubumbashi ukitaja tu kwamba una pikipiki ya resi, swali ni lilelile, uwe Katuba, Kenya au Golf: "Inapiga ngapi?" Watu wanataka namba ya kwenye dashibodi. Uwanjani sijawahi kuulizwa hivyo. Kule kwenye uwanja wa mbio wa Zwartkops, upande wa magharibi wa Pretoria, Afrika Kusini, wanakuuliza mzunguko wako ni sekunde ngapi. Ukiwatajia, wanakuuliza kona ipi inakutisha.

Mwongozo huu ni wa yule anayejua kuendesha tayari, anayetaka kwenda kwenye siku ya uwanja kwa mara ya kwanza au ya tano, na labda baadaye aingie mbio za ridhaa. Siku ya uwanja si mashindano. Unalipa, unawekwa kwenye kundi la watu wa mwendo wako, mnaingia kwa zamu za dakika 15 au 20, mnatoka, mnapumzika, mnarudi. Hakuna kombe. Ukiona mtu anashindania kombe siku hiyo, mpishe.

Nitarudia jambo moja mpaka likuchoshe: karibu kila mtu anajua kushika breki, lakini wachache wanajua kuiachia. Nimeanguka mara mbili uwanjani, na mara zote mbili vidole vyangu viliruka kutoka kwenye mkono wa breki kana kwamba umeniunguza.

Kwa nini si barabara ya Likasi

Najua wanaokwenda kujaribu pikipiki zao barabara ya Likasi Jumapili alfajiri. Nami nilikuwa mmoja wao. Hesabu ndiyo iliyonitoa huko. Kwenye lami kavu, ukiwa na tairi nzuri na mkono uliofundishwa, pikipiki inayokwenda kilomita 100 kwa saa inahitaji kama mita 40 kusimama. Kwa 200 inahitaji karibu mita 160, kwa sababu mwendo ukizidi mara mbili, umbali wa kusimama unazidi mara nne. Hapo hujahesabu muda wa akili kushtuka: kwa 200 unamaliza mita 55 kila sekunde. Sasa weka ndani ya mita hizo lori la shaba linaloingia barabarani bila taa, mbuzi, na mama mwenye gunia la makala kichwani.

Tena barabara iliyonyooka haikufundishi kitu. Mkono wa mafuta hata mtoto anaweza kuuzungusha.

Anza na pikipiki ndogo kwenye uwanja mtupu

Habari njema ni kwamba sehemu kubwa ya kazi unaweza kuifanya hapahapa, kwa Boxer au TVS ya kazini, bila kupita kilomita 50 kwa saa. Tafuta eneo la lami au saruji lisilo na watu: uwanja wa maghala siku ya mapumziko, maegesho makubwa asubuhi na mapema. Omba ruhusa kwa mlinzi, mpe ya soda. Fagia changarawe kwanza. Hilo si la hiari. Vaa kaski, glavu na viatu vya kufunika vifundo vya miguu hata kama ni mazoezi tu.

Zoezi la kwanza ni la kusimama. Chora mstari kwa chaki. Njoo kwa 40, na tairi la mbele likigusa mstari anza breki. Usiikamate. Ibane kama unavyokamua chungwa: kwanza unagusa, unasubiri mbele ya pikipiki iiname kidogo, ndipo unaongeza nguvu. Kuna sababu ya kusubiri huko. Uzito wa pikipiki unahitaji muda mfupi kusogea mbele na kulikandamiza tairi. Ukibana kwa nguvu zote kabla uzito haujafika, tairi jepesi linateleza. Ukisubiri hata robo ya sekunde, tairi hilohilo linabeba breki ambayo hukudhani inawezekana. Pima kwa hatua ulisimama wapi, weka jiwe, rudi. Fanya mara ishirini. Boxer nyingi zina breki ya ngoma mbele, haikamati kama diski, na watu huidharau. Mimi naona ni mwalimu mzuri, maana inakulazimisha uwe na subira.

Zoezi la pili ndilo lenyewe, na sijaona mtu akilifanya bila kuambiwa. Njoo kwa 40, bana breki mpaka ushuke kama 20, kisha usisimame: iachie polepole kwa kuhesabu "moja, mbili, tatu", ili mbele ya pikipiki inyanyuke taratibu bila kuruka. Mtu aliyekaa pembeni atazame shokomzoba za mbele. Zikiruka juu ghafla, umeachia vibaya. Zikipanda kama mtu anayeinuka kwenye kiti akiwa amebeba kikombe cha chai, umepata. Ukizoea, fanya vivyo hivyo ukiwa unaanza kupinda kidogo kushoto, kisha kulia. Utahisi kwamba kadiri pikipiki inavyolala ndivyo breki inavyopungua, vyote viwili kwa mwendo mmoja. Huko ndiko kuingia na breki ndani ya kona. Ukifika Pretoria utalipia pesa nyingi kufundishwa hilo.

Zoezi la tatu ni la namba nane. Weka chupa mbili za maji umbali wa hatua kumi na mbili na uzizunguke. Hapa jifunze macho: chupa ikikaribia, kichwa kiwe kimeshageuka kuitafuta ile nyingine. Ukiitazama chupa, utaigonga. Kila mtu huigonga mara ya kwanza, halafu huilaumu chupa.

Na jambo moja ambalo wengi hulifanya bila kujua kwamba wanalifanya: ili pikipiki ilale kulia, unasukuma mpini wa kulia mbele. Ndiyo, mbele. Usukani unageuka kushoto kidogo sana na pikipiki inaangukia kulia. Lijaribu kwa 40 kwenye mstari mnyoofu kwa kusukuma kidogo kwa kiganja. Ukilijua kwa mkono, uwanjani hutapigana na pikipiki kwa mabega.

Wiki sita za mazoezi haya, saa moja kila Jumapili, zina faida kuliko bomba jipya la moshi.

Pikipiki utakayopeleka

Kutoka Lubumbashi mpaka Gauteng, jimbo la Pretoria na Johannesburg, ni kama kilomita 2,000 kupitia Kasumbalesa na Zambia. Kusafirisha pikipiki yako kuna forodha, makaratasi na siku za kusubiri. Kwa safari za kwanza nashauri ukodi kulekule, tena uchague ndogo. Pikipiki ya cc 300 au 400 itakufundisha kona. Ya cc 1000 itakufundisha kuogopa, kwa sababu kila kosa la kona utalifunika kwa mafuta kwenye mstari mnyoofu na hutajua kamwe kwamba lilikuwepo.

Ukipeleka yako, fundi aangalie haya: pedi za breki ziwe zaidi ya nusu, mafuta ya breki yawe mapya, maana ya zamani yana maji, na maji yakichemka mkono wa breki unakuwa laini kama mkate, mnyororo usiwe umekaza wala kulegea, beringi za magurudumu na za usukani zisiwe na mchezo. Viwanja vingi hukataa dawa ya radieta kwa sababu ikimwagika lami inakuwa sabuni, hivyo weka maji safi. Ondoa vioo, funika taa kwa utepe. Kwa mbio zenyewe, boliti ya kumwagia oili na kichujio chake hufungwa waya ili visifunguke vyenyewe.

Tairi: upepo wa barabarani ni mwingi mno kwa uwanja. Pikipiki nyingi za spoti zimeandikiwa psi 36 mbele na 42 nyuma. Uwanjani tairi linapata moto sana na hewa ndani inapanuka, kwa hiyo watu hushuka karibu na 30 hadi 32 kwa tairi za barabarani, kutegemea tairi lenyewe. Muulize muuzaji namba ya tairi lako, kisha pima likiwa na moto, mara tu unapotoka uwanjani. Tairi za mbio zinazopashwa joto kwa blanketi za umeme zina namba zake tofauti kabisa.

Mavazi

Hapa sina maneno mengi. Suti ya ngozi, ya kipande kimoja au viwili vinavyounganishwa kwa zipu kiunoni. Kinga ya mgongo. Glavu zinazofika juu ya kifundo cha mkono. Buti zinazopanda juu ya kifundo cha mguu. Kaski ya kufunika uso wote, yenye alama ya usalama ya ECE 22.06 na kufuli la pete mbili, kwa sababu lile la kubofya hukataliwa mara nyingi. Jaketi la "ngozi" la sokoni ambalo ni plastiki litayeyuka na kugandia mwilini. Kaski iliyowahi kuanguka na mtu ndani imeshamaliza kazi yake hata kama rangi haijachubuka, na ndiyo maana sinunui ya mtumba. Kama pesa hazitoshi kwa vyote, kodi.

Asubuhi ya siku yenyewe

Ukijaza fomu utaulizwa kundi lako. Andika la wanaoanza. Aibu hiyo inakwisha kabla ya saa nne. Kukimbizwa na watu wa kundi la kasi hakuishi mpaka jioni.

Sikiliza maelezo ya bendera kana kwamba hujui kitu. Njano: kuna hatari mbele, punguza, usimpite mtu. Nyekundu: zamu imesimamishwa, inua mkono, rudi piti (pale mnapoegesha na kupumzika) polepole. Ya mistari ya njano na nyekundu: lami inateleza. Bluu: mwenye kasi zaidi yuko nyuma yako, endelea na mstari wako bila kumkatia njia. Nyeusi ukionyeshwa wewe: rudi piti. Nyeusi yenye duara la rangi ya chungwa: pikipiki yako ina hitilafu, labda inavuja, toka kwenye mstari na usimame mahali salama. Miraba myeusi na myeupe: zamu imekwisha.

Zamu ya kwanza usiihesabu. Zunguka ukitafuta vibanda vya watu wa bendera, ukiona lami imebandikwa viraka wapi, ukilipa tairi joto. Kuanzia ya pili, ingia na lengo moja tu. Moja. Mtu anayeingia akitaka kurekebisha macho, goti, gia na breki kwa pamoja hutoka bila kurekebisha chochote, tena amechoka. Andika lengo kwenye utepe na ulibandike juu ya tangi.

Kunywa maji. Zwartkops na Kyalami, uwanja mwingine wa huko Gauteng, ziko juu kuliko Lubumbashi, hewa ni kavu, na ndani ya ngozi nyeusi mwezi wa kumi unapika kama bukari. Makosa mengi huja zamu ya mwisho ya siku, mikono ikiwa imekufa ganzi. Mimi siku hizi zamu ya mwisho naiuza kwa usingizi.

Kona, hatua kwa hatua

Kila kona ina alama nne: pa kuanzia breki, pa kupindia, kitovu chake (pale unapokaribia kabisa ukingo wa ndani), na pa kutokea. Alama iwe kitu kisichotembea: ubao wa mita, ufa wa lami, mwisho wa ukingo wenye rangi. Kivuli kinatembea, na gari la huduma litaondoka. Nilishawahi kutumia gari lililoegeshwa kama alama ya breki, na baada ya chakula cha mchana halikuwepo.

Kaa nje kabisa ya kona kabla ya kuingia. Hilo si urembo. Ukiitumia lami yote unaufanya mpindo uwe mpana, na mpindo mpana unaruhusu mwendo zaidi kwa mlalo uleule. Kona ya mita 50 kutoka kati, ukilala nyuzi 45 hivi, inakubali kama kilomita 80 kwa saa. Iongezee mita 10 kwa kupita njia pana, inakubali 87. Hizo saba hujazilipia injini mpya.

Bana breki pikipiki ikiwa imesimama wima, nguvu nyingi mwanzoni. Ukifika pa kupindia, macho yawe kwenye kitovu tayari. Sukuma mpini, na hapo vidole vianze kuachia. Fikiria mshiko wa tairi kama mfuko mmoja wa unga nyumbani. Wakati wa breki unaupikia breki. Pikipiki ikilala, kona nayo inadai sahani yake. Ukiwapa wote wawili shibe, mfuko unakwisha, na mwenye nyumba yuko chini kwenye lami. Ukimnyang'anya breki sahani yote ghafla, shokomzoba za mbele zinaruka juu, tairi la mbele linapoteza uzito uliokuwa ukilishikilia, na pikipiki inataka kwenda nje. Kwa hiyo ni kupunguza kidogo, kidogo, kidogo, mpaka kidole kinagusa tu pale mwendo unapokuridhisha. Kwenye baadhi ya kona unaufikia mwendo huo kitovuni, kwenye nyingine ni kabla yake.

Katikati macho yanahama kutoka kwenye kitovu kwenda pa kutokea, kabla hujafika kitovuni. Mafuta yanarudi taratibu sana mwanzoni, kisha yanaongezeka kadiri unavyoinua pikipiki. Kulala zaidi na kuongeza mafuta kwa pamoja ndiyo njia ya haraka ya kurushwa hewani. Anayeanza achelewe kupinda kuliko anavyotamani. Ukipinda mapema, kitovu kinakuja mapema na ukingo wa kutokea unakukimbilia. Ukichelewa, pikipiki inakuwa imeshageuka na mlango uko wazi mbele yako.

Ukiona umeingia kwa kasi mno, usinyooke na usikamate breki. Tazama kule unakotaka kwenda, sukuma mpini zaidi, pumua. Pikipiki za kisasa zinaweza kulala kuliko ujasiri wako. Ikiwa kweli haitoshi, inyooshe kabla ya ukingo, toka kwenye lami ukiwa wima, na nyasini usiguse breki ya mbele.

Mwili na goti

Kila mtu anataka picha ya goti likisugua lami. Goti linakuja lenyewe. Kinachokuja kwanza ni miguu: vidole vya miguu juu ya vikanyagio badala ya unyayo wa kati, paja la nje limebanwa kwenye tangi. Paja likishika vizuri, mikono inakuwa huru, na mikono huru ndiyo inayosikia tairi linasema nini. Toa nusu ya kalio nje kabla ya breki, si katikati ya kona. Kichwa na bega la ndani vielekee kwenye kioo cha ndani, ingawa vioo umeshaviondoa. Jaribu kupepea viwiko ukiwa kwenye kona: kama huwezi, unaning'inia kwenye usukani na pikipiki inateseka.

Kati ya zamu na kati ya safari

Chora uwanja kwenye daftari, kona kwa kona, na kila baada ya zamu andika gia, alama ya breki, na neno moja la hisia. "Naogopa" ni taarifa muhimu kabisa. Usisogeze alama ya breki mita 20 kwa mara moja; sogeza mita mbili. Lakini kabla ya kuisogeza hata kidogo, baki na ile ya zamani na uingie ukiachia breki mapema zaidi, ili uende na mwendo mkubwa zaidi kitovuni. Sekunde nyingi za wanaoanza zimelala hapo. Mwombe mwalimu wa uwanja akufuate mizunguko mitatu na kamera kifuani. Utajiona unasimamisha pikipiki kwenye kona ambazo uliapa unazikata kama bingwa.

Kipima muda kifunge siku ya pili, usikifunge siku ya kwanza. Na bima yako ya safari isome maandishi madogo: nyingi hazilipi kitu kama uliumia uwanjani.

Mbio ya kwanza

Ukiweza kurudia mzunguko wako mara tano mfululizo bila kupishana zaidi ya sekunde moja, uko tayari kuomba leseni. Kule Afrika Kusini inatolewa na Motorsport South Africa. Kasi si kigezo hapo. Mwenye mizunguko isiyofanana ni hatari kwa wenzake.

Kuanza mbio kunahitaji zoezi lake, nalo unaweza kulifanya Lubumbashi: gia ya kwanza, mafuta yasimame mahali pamoja, klachi iachiwe mpaka inapong'ata na ibaki hapo pikipiki ikichukua mwendo, kisha ndipo iachiwe yote. Kifua chini juu ya tangi. Kumbe hata huku kazi ni ya kuachia. Usifanye zaidi ya mara tano kwa siku, klachi inaungua.

Kona ya kwanza ya mbio ya kwanza, breki mapema kuliko siku zote. Mtaingia mkiwa wengi, tairi bado baridi, na mstari wako mzuri una watu wanne juu yake. Kaa upande wa nje kidogo, acha wenye haraka waangukiane, chagua mtu mmoja mbele yako na umfuate mizunguko miwili ukiangalia anaachia breki wapi. Kumpita mtu kunaanzia hapo: yeye akichelewa kuiachia na kwenda taratibu katikati, utamkuta wakati wa kutoka.

Bendera ya miraba ikishuka, usifunge mafuta papo hapo, kuna mtu nyuma yako ambaye hajaiona. Inua mkono, punguza taratibu, zunguka mzunguko mzima wa kupoza, na uwapungie watu wa bendera kwenye vibanda vyao.